Dabo 59 za Freeman ni kazi kubwa kuliko 67 za Webb

Mwaka 1931 Earl Webb wa Boston Red Sox alipiga dabo 67 ndani ya msimu mmoja, na tangu hapo hakuna aliyemfikia. Ukifungua orodha ya wapigaji bora wa dabo kwa msimu katika besiboli ya Marekani utamkuta juu kabisa, peke yake, akiwaacha wanaomfuata kwa dabo tatu. Freddie Freeman wa Los Angeles Dodgers, aliyepiga 59 mwaka 2023, yuko chini huko akigawana nafasi ya saba na wenzake watatu. Nasema orodha hiyo inatupotosha. Dabo 59 za Freeman ni kazi kubwa kuliko zote zilizo juu yake kwenye orodha, na nitalieleza hilo bila kumvunjia heshima Webb, ambaye naye amesingiziwa mengi.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, niweke msingi. Mrushaji wa timu pinzani anamrushia mpira mpigaji aliyesimama kwenye sahani ya nyumbani. Mpigaji akigonga mpira ukatua uwanjani, anatupa gongo na kukimbia kuzunguka besi, yaani vituo vya kugusa. Akiishia besi ya kwanza ni pigo la kawaida. Akifika ya pili kwa nguvu ya pigo lake, bila walinzi kufanya kosa, hiyo ni dabo. Kutoka sahani ya nyumbani hadi besi ya kwanza ni futi 90, na kutoka ya kwanza hadi ya pili ni 90 nyingine. Kwa hiyo dabo ni mbio za mita 55 hivi, zenye kona katikati, huku mlinzi wa nje akiufukuzia mpira ili aurushe besi ya pili kabla mkimbiaji hajajitupa chini kuigusa. Mpira ukiruka uzio moja kwa moja ni homurani, na mpigaji anazunguka besi zote nne bila haraka. Ukidunda kwanza ndani ya uwanja kisha ukaruka uzio, mpigaji anapewa besi mbili. Sheria hiyo ya mwisho ina kisa chake, nitairudia.

Homurani haina shughuli na walinzi. Ikishapita juu ya ukuta, wao wanageuka watazamaji kama wengine. Dabo inahitaji ardhi. Lazima mpira upate mahali pasipo na mtu, kati ya mlinzi wa kushoto na wa katikati, au kati ya wa katikati na wa kulia, au upite sentimita chache ndani ya mstari wa pembeni na kubiringika hadi kwenye kona. Ndiyo maana idadi ya dabo anazopata mtu haitoki kwenye mikono yake tu. Inatoka pia kwenye ukubwa wa uwanja, urefu wa ukuta, mahali walinzi wanaposimama, na sheria za wakati huo. Anayelinganisha dabo za mwaka mmoja na za mwingine bila kuyatazama hayo anasoma tarakimu tupu.

Tazama majina ya waliowahi kufika 60. George Burns wa Cleveland, 64 mwaka 1926. Webb, 67 mwaka 1931. Paul Waner wa Pittsburgh, 62 mwaka 1932. Hank Greenberg wa Detroit, 63 mwaka 1934. Joe Medwick wa St. Louis, 64 mwaka 1936. Charlie Gehringer wa Detroit, 60 mwaka huohuo wa 1936. Wamekwisha. Watu sita, wote ndani ya misimu 11, kisha mlango ukafungwa. Wamekuja magwiji kama Ted Williams, Hank Aaron, Pete Rose, Barry Bonds, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 msimu wenyewe ukarefushwa kutoka michezo 154 hadi 162, lakini hakuna aliyepiga hata 60. Stan Musial aliongoza National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani pamoja na American League, kwa dabo mara 8, na msimu wake mnono kuliko yote uliishia 53. Rekodi zikirundikana hivyo katika kipindi kimoja, swali la kwanza la mchambuzi liwe ni nini kilikuwa kikiendelea wakati ule.

Kilichokuwa kikiendelea, kwanza kabisa, ni kwamba watu walikuwa wanaupata mpira. Mwaka 1931 timu moja ilipoteza wapigaji kama watatu tu kwa mchezo kwa njia ya straiki tatu, yaani kushindwa kuupiga mpira hadi kutolewa. Siku hizi ni zaidi ya wanane. Kila anayetolewa kwa straiki ni mpira ambao haukugongwa, na mpira usiogongwa hauwezi kuwa dabo. Viwanja vingi navyo vilikuwa vipana kuliko vya leo, na glovu zilikuwa ndogo, zenye vidole vifupi, hivi kwamba mlinzi aliyenyoosha mkono kwa mpira wa mbali mara nyingi aliugusa tu bila kuudaka.

Halafu kuna ile sheria ya mpira unaodunda. Mpaka msimu wa 1929 mpira uliodunda uwanjani na kurukia jukwaani ulihesabiwa kuwa homurani. American League ikaibadili sheria kuanzia 1930, na National League ikafuata 1931. Kuanzia hapo mapigo yaliyokuwa yakiandikwa kwenye safu ya homurani yakahamia safu ya dabo. Webb, Waner, Greenberg, Medwick na Gehringer wote walicheza chini ya sheria mpya. Burns peke yake ndiye aliyefika 64 kabla ya msaada huo, mwaka ambao pia alichaguliwa mchezaji bora wa American League, na kwa maoni yangu msimu wake ndio uliosahaulika isivyo haki kuliko mingine yote ya wale sita.

Na wakati mwingine watazamaji wenyewe waliingia kwenye hesabu. Tarehe 12 Julai 1931, St. Louis Cardinals na Chicago Cubs walicheza michezo miwili mfululizo katika uwanja wa Sportsman's Park. Walikuja watu zaidi ya 45,000, majukwaa yakajaa, na waliobaki wakasimama ndani ya uwanja nyuma ya walinzi wa nje. Ikakubaliwa kwamba mpira ukiingia kwenye umati ni besi mbili. Mipira ya juu ambayo siku nyingine ingedakwa bila jasho ikawa inaangukia miguuni mwa watu waliosimama, na mlinzi hana la kufanya. Mchezo wa pili peke yake ulitoa dabo 23. Siku nzima ilitoa 32. Wachezaji walewale, magongo yaleyale, ila uwanja ulikuwa umefupishwa na umati, na dabo zikamwagika kwa wingi ambao haujaonekana tena.

Nimeitaja siku hiyo kwa sababu watu huitumia kumkandia Webb, kwamba miaka ile dabo zilikuwa za bure. Hilo halimgusi. Red Sox ya 1931 ilipoteza michezo 90 na kushinda 62. Haikuwa timu ya kufurika watu hadi ndani ya uwanja.

Wanamsema pia kwamba alibebwa na ukuta mrefu wa kijani wa Fenway Park, ule wa futi 37 upande wa kushoto, unaozuia mipira ambayo kwingine ingekuwa homurani na kuirudisha uwanjani kuwa dabo. Ukuta huo umewafaidi wengi kweli. Wade Boggs alipiga dabo 51 mwaka 1989, Nomar Garciaparra 56 mwaka 2002, Dustin Pedroia 54 mwaka 2008, wote wakiwa na jezi ya Boston. Lakini ukuta tunaoujua leo ulijengwa wakati wa ukarabati wa 1934. Webb alipokuwa pale, upande wa kushoto ulikuwa na ukuta mfupi zaidi wa mbao, na mbele yake mwinuko wa ardhi ambao mlinzi alilazimika kuupanda akiwa anaangalia juu kufuata mpira. Zaidi ya hapo, siku za Jumapili Red Sox hawakuruhusiwa kucheza Fenway kwa sababu ya kanisa lililokuwa karibu, wakawa wanahamia Braves Field, uwanja wa wenzao wa mji huohuo. Anayesema Fenway ndiyo iliyompa Webb rekodi anamchukua mtu wa 1931 na kumpa ukuta wa 1934.

Tuhuma ya tatu ndiyo iliyokaa sana midomoni mwa watu, kwamba Webb alikuwa akisimama besi ya pili makusudi hata pale alipoweza kufika ya tatu, ili arundike dabo. Ushahidi unaotolewa ni kwamba alipata mapigo ya besi tatu 3 tu msimu mzima, wakati Medwick alipata 13 na Gehringer 12 katika misimu yao. Sawa. Lakini Burns naye mwaka 1926 alipata 3, na sijawahi kuona mtu akimtuhumu. Freeman mwaka 2023 alipata 2. Mtu asiye na kasi kubwa anayepiga mipira mikali kwenye mapengo huishia besi ya pili, ndivyo miguu yake inavyomwambia. Huenda Webb alijizuia mara moja au mbili katika wiki za mwisho, rekodi ikiwa karibu. Kumvua 67 zote kwa dhana hiyo ni kumwonea.

Kisa cha mtu huyu kinanigusa. Alizaliwa Tennessee, akaingia kwenye migodi ya makaa ya mawe akiwa bado mtoto, na alianza besiboli kama mrushaji kabla ya kugeuzwa mpigaji. Alicheza misimu saba tu katika ligi kuu, akizungushwa kutoka klabu moja hadi nyingine. Dabo zake zote za maisha ni 155, maana yake zaidi ya nne katika kila kumi alizipiga katika mwaka mmoja. Nje ya mwaka huo hakuwahi kuzidi 30. Msimu uliofuata, katikati ya mwaka, Boston wakampeleka Detroit na kumchukua Dale Alexander, na Alexander akamaliza mwaka akiongoza American League kwa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zilizozaa pigo. Kati ya wale sita wa dabo 60, Waner, Greenberg, Medwick na Gehringer wamo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Webb na Burns hawamo. Kwa Webb sina ugomvi na uamuzi huo, maana mwaka mmoja hautoshi, lakini mwaka wenyewe ulikuwa wa kweli.

Basi kama ulikuwa wa kweli, kwa nini nampandisha Freeman juu yake?

Nianze na hesabu, kisha niende kwenye kisichohesabika. Wawili hawa wanafanana kwa namna ya ajabu. Wote wanapiga kwa kushoto na kurusha kwa kulia. Wote walikuwa wakitimiza miaka 34 mwezi Septemba wa msimu wao mkubwa. Webb alipiga kwa wastani wa .333, Freeman .331. Webb alipata zamu rasmi za kupiga 589 na dabo 67, yaani dabo moja kila zamu 8.8. Freeman alikuwa na zamu 637 na dabo 59, yaani moja kila 10.8. Ukiishia hapo, Webb ameshinda kwa tofauti kubwa.

Sasa ondoa zile zamu ambazo gongo halikugusa kitu. Webb alitolewa kwa straiki mara 51. Freeman mara 121, na kwa wapigaji wa nguvu wa kizazi hiki hiyo ni idadi ya kawaida. Zinabaki zamu 538 kwa Webb na 516 kwa Freeman. Ghafla Webb ana dabo moja kila zamu 8, Freeman moja kila 8.7. Pengo lililokuwa la zamu mbili limeshuka chini ya moja. Na Freeman alifanya hivyo huku akipeleka mipira 29 nje ya uwanja, Webb 14. Mara tu mpira ulipoguswa, Freeman alikuwa karibu sawa kabisa na mtu wa 1931, katika zama ambazo kuugusa kwenyewe ndiyo kazi.

Fikiria waliokuwa wanamrushia Webb. Mrushaji wa wakati ule alitarajiwa kumaliza mchezo aliouanza, hata kama mkono umechoka. Mpigaji alipokuja mara ya nne jioni alikuwa anakutana na uso uleule, mkono uleule, mpira uliopungua kasi. Michezo yote ilikuwa ya mchana, kwani mchezo wa kwanza wa usiku katika ligi kuu ulichezwa 1935. Freeman kwa mchezo mmoja hukutana na warushaji watatu au wanne, kila mmoja akiingia na nguvu mpya, wengi wakipita kilomita 150 kwa saa, na kila mmoja akiwa ameshasoma kwenye kompyuta ni sehemu gani Freeman hapendi mpira upite.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa takwimu za zamani hulipita haraka mno. Ligi aliyocheza Webb ilikuwa imewafungia nje wachezaji Weusi. Mwaka 1931 Satchel Paige, mrushaji Mweusi wa kiwango cha juu, alikuwa anarusha mpira, na Webb hakuruhusiwa kukutana naye katika mchezo wa ligi. Mlango haukufunguliwa mpaka Jackie Robinson alipoingia na Dodgers mwaka 1947. Mwaka 2024 Major League Baseball iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi kwenye vitabu vyake, na Josh Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa maisha kwa .372. Rekodi ya dabo kwa msimu haikutikisika, maana misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi mno kumpa mtu nafasi ya kufika 67. Lakini hilo halibadilishi ukweli kwamba Webb alipiga dhidi ya sehemu tu ya ushindani. Freeman anapiga dhidi ya Wadominika, Wavenezuela, Wajapani, Wakuba, Wamarekani wa rangi zote. Simlaumu Webb kwa sheria asizoziweka. Ila unapopima uzito wa dabo, huwezi kuacha nje swali la nani aliyekuwa upande wa pili.

Walinzi nao wamebadilika. Leo mlinzi wa nje anaingia uwanjani na kadi ndogo inayomwonyesha asimame wapi kwa kila mpigaji, na kwa miaka mingi sasa timu zimekuwa zikiwarudisha nyuma zaidi. Hesabu zao ni rahisi. Pigo la mbele linatoa besi moja, lililompita mtu kichwani linatoa mbili au tatu, kwa hiyo afadhali kuruhusu la mbele. Ardhi ambayo dabo inaihitaji imewekewa ulinzi makusudi.

Ushahidi mzuri wa ugumu huo ni waliomtangulia na waliomfuata. Mwaka 2021, msimu mzima wa michezo 162, dabo 42 zilitosha kuongoza ligi zote mbili. Mwaka 2022 Freeman mwenyewe aliongoza kwa 47. Mwaka 2024 kinara alikuwa Jarren Duran wa Boston, na 48. Mwaka 2023 peke yake ndipo ikatokea 59, na aliyemfuata Freeman mwaka huo, Corey Seager wa Texas, alikuwa na 42. Tofauti ya 17.

Atakayenipinga atasema kwamba 2023 ndio mwaka ambao sheria zilibadilishwa kuwasaidia wapigaji, na atakuwa na hoja. Walinzi wa ndani, wanaosimama karibu na besi, walikatazwa kurundikana upande mmoja, jambo lililokuwa likiwabana hasa wapigaji wa kushoto kama Freeman. Besi ziliongezwa ukubwa kutoka inchi 15 hadi 18, na umbali wa kutoka besi ya kwanza hadi ya pili ukapungua kidogo. Saa ya kuwahimiza warushaji nayo ikaanza. Lakini katazo lile liliwahusu walinzi wa ndani, linafungua zaidi mapigo ya besi moja kuliko dabo. Na kama sheria ndizo zilizopiga, mbona hazikumpigia mwingine yeyote hata kufika 50? Webb naye, ili niwe mwadilifu, aliwaacha mbali wenzake wa 1931. Wote wawili walikuwa peke yao. Mmoja alikuwa peke yake kwenye ligi nyepesi zaidi, basi.

Huyo Freeman ukimtazama akipiga unaelewa dabo zinatoka wapi. Hafukuzii mpira kuuvuta upande wake wa kulia ili uruke uzio. Anausubiri ufike ndani kabisa, mikono inashuka mapema, kisha anausukuma kuelekea pengo la kushoto na katikati, mpira wa chinichini unaokwenda kasi na kugusa nyasi kabla walinzi wawili hawajakutana. Ukiwa wa ndani anaupiga kwenye mstari wa kulia. Uwanja wake wa nyumbani, Dodger Stadium, haujulikani kwa ukarimu wa dabo, na kabla yake rekodi ya klabu hiyo ilikuwa 52 za Johnny Frederick, zilizosimama tangu 1929.

Linganisha na Todd Helton, mwenye 59 pia mwaka 2000, akipiga .372 kwa Colorado. Nampenda Helton, lakini nusu ya michezo yake ilichezwa Denver, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unasafiri, na uwanja wa Coors Field ulipanuliwa sana nyuma ili kupunguza homurani. Ukipanua uwanja, walinzi walewale watatu wanabaki na ardhi kubwa zaidi ya kulinda. Chuck Klein, 59 mwaka 1930, alikuwa na bahati ya aina nyingine. Katika Baker Bowl ya Philadelphia ukuta wa kulia ulikuwa futi 280 tu kutoka sahani ya nyumbani, ila mrefu kama jengo la ghorofa kadhaa, na mpigaji wa kushoto kama yeye aliutwanga siku nzima. Detroit ya 1936 inastahili makala yake. Greenberg alivunjika kifundo cha mkono baada ya michezo 12, Gehringer akapiga 60, na mwenzao Gee Walker akapiga 55. Watu wawili wa timu moja, dabo 115.

Kinachoniudhi ni jinsi haya yote yanavyopita bila kelele. Mwaka 2023 Freeman alimaliza wa tatu katika kura za mchezaji bora wa National League. Ronald Acuña wa Atlanta alishinda kwa kura zote, kwa homurani 41 na besi 73 za kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri pigo la mwenzake, na alistahili. Lakini habari ziliimba 40 na 70 msimu mzima, na 59 ya Freeman ikawa mstari wa chini ya habari. Mwaka uliofuata Shohei Ohtani akafikisha homurani 50 na besi 50 za kuiba, na dunia ikasimama kumpigia makofi, sawasawa kabisa. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba Albert Belle wa Cleveland mwaka 1995 alipiga homurani 50 na dabo 52 katika michezo 143, na kwamba katika historia yote hakuna mwingine aliyeunganisha 50 na 50 za namna hiyo?

Kura za mwaka ule zinafundisha. Belle alipata wastani wa .317, Mo Vaughn wa Boston .300. Kila mmoja aliiletea timu yake pointi 126 kwa kupiga. Belle alikuwa na homurani 50, Vaughn 39. Belle dabo 52, Vaughn 28. Tuzo ikaenda kwa Vaughn, kura 308 kwa 300. Belle alikuwa na uhusiano mbaya na waandishi, ambao ndio wapiga kura, na hilo limesemwa sana. Mimi naongeza kwamba kama dabo zingekuwa na heshima yake, tofauti ya 24 isingeweza kufumbiwa macho hata na mwandishi aliyekasirika.

Maana dabo ina thamani inayopimika. Wachambuzi wanaohesabu mchango wa kila pigo kwa pointi za timu huipa homurani takriban pointi 1.4 na dabo kama 0.77. Dabo inazidi kidogo nusu ya homurani. Kwa kipimo hicho 59 za Freeman zilikuwa na uzito wa homurani zaidi ya 30, juu ya zile 29 alizopiga kweli. Mtu akipiga homurani 60 hakuna anayeuliza maswali.

Hata utaratibu wa kuwatambua vinara una kasoro. Mwaka 2019 Nick Castellanos alipiga dabo 37 akiwa Detroit, akauzwa Chicago Cubs mwishoni mwa Julai, akaongeza 21 huko. Jumla 58, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mwaka huo. Lakini kwa kuwa Detroit wako American League na Cubs wako National League, hakuhesabiwa kinara wa ligi yoyote. American League ilimtambua Rafael Devers wa Boston kwa 54. Castellanos hakuchagua kuuzwa, na siku hizi timu za ligi zote mbili zinakutana uwanjani kila wiki. Major League Baseball ingepaswa kuanza kutambua kinara mmoja wa jumla, na kurudi nyuma kumwandika Castellanos mahali pake.

Je, 67 itavunjwa? Sioni ikitokea karibuni. Ile 60 ndiyo ninayoiangalia. Japani walishaonyesha kwamba kasi hiyo si ndoto katika mchezo wa kisasa. Mwaka 2001 Yoshitomo Tani wa Orix alipiga 52 katika msimu wa michezo 140, ambayo ukiivuta hadi 162 inakupa 60 kamili, na bado ndiyo rekodi yao. Marekani mtu wa kumfuatilia ni Bobby Witt Jr. wa Kansas City. Ana mbio ambazo Webb na Freeman hawakuwahi kuwa nazo, na anacheza Kauffman Stadium, moja ya viwanja vyenye ardhi pana nyuma. Ugumu wake ni kwamba miguu hiyohiyo humfikisha besi ya tatu pale ambapo Freeman angesimama ya pili. Atakayefika 60 itabidi apige dabo moja kila baada ya michezo 2.7, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, asiugue, asiuzwe kwenda ligi nyingine katikati, na awe tayari kuacha kuwinda homurani wakati mishahara ya mchezo huu inapangwa kwa kuzitazama hizo kwanza.